Kujikinga, kukinga mwenzako, kudaka pigo au kuweka lindo: mhusika mlinzi achague nini?

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, niliwahi kucheza mpiganaji mwenye deraya kamili na ngao. Namba yake ya kinga, ile ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ya pande 20 pamoja na nyongeza zake ili pigo limpate, ilikuwa 21, na adui wengi walikuwa wakigonga chuma tu. Siku moja goblini sita waliingia ukumbini. Wawili wakanishambulia, mapigo yote yakaishia kwenye ngao. Wanne wakanizunguka na kwenda moja kwa moja kwa mchawi wetu, aliyekuwa futi 30 nyuma yangu. Raundi mbili baadaye mchawi yuko chini, na mimi sina hata mkwaruzo.

Nilikuwa nimejenga mhusika asiyepigika, nikadhani nimejenga mlinzi. Hayo ni mambo mawili, na mtu anayesita kati ya uwezo mmoja na mwingine mara nyingi anasita kwa sababu hajaamua analitaka lipi.

Nitalinganisha chaguo nne za Dungeons & Dragons toleo la 5, kwa sheria za 2014 na marekebisho ya 2024. Tatu ni mitindo ya kupigana na ya nne ni kipaji, yaani uwezo wa ziada unaouchagua ukipanda ngazi, lakini mchezaji wa mlinzi huzifikiria zote pamoja, na kwa haki kabisa, maana zinagombania nafasi ileile vitani. Majina ya Kiswahili ni yangu. Ya vitabuni nayataja mara moja ili uweze kuyatafuta.

Kujikinga, vitabuni Defense, kunaongeza 1 kwenye namba yako ya kinga mradi umevaa deraya. Hakuna zaidi ya hapo.

Kukinga Mwenzako, yaani Protection, kunakuruhusu kuingiza ngao yako pale adui anapomshambulia mwenzako aliye ndani ya futi 5 kutoka kwako. Adui analazimika kurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo ndogo.

Kudaka Pigo, yaani Interception, kunaingia baada ya pigo kumpata mwenzako aliye ndani ya futi 5. Unarusha dadu ya pande 10, unajumlisha bonasi yako ya ustadi, inayokua kadiri ngazi zinavyopanda, na jumla hiyo inakatwa kwenye madhara. Mtindo huu uliingia kwenye mchezo mwaka 2020.

Lindo ndicho kipaji kinachoitwa Sentinel. Ukimpiga adui anayejaribu kutoka karibu nawe, kasi yake inakuwa sifuri hadi zamu hiyo iishe. Adui hawezi kukukwepa kwa kujitoa taratibu kama anavyoweza kwa wengine. Na akiwa karibu nawe huku anampiga mwenzako, unapata nafasi ya kumpiga.

Vigezo

Nimetumia vigezo vitano. Kwanza, nani hasa analindwa. Pili, kinakugharimu nini katika raundi. Tatu, namba zinasemaje. Nne, ni adui gani anakifanya kikose maana. Tano, kinadai nini mkononi na kwenye ngazi za mhusika. Cha pili ndicho kizito kuliko vyote kwangu, na ndicho wachezaji wapya hukiruka.

Nani analindwa

Kujikinga kunakulinda wewe, na wenzako wananufaika kwa njia ya mzunguko tu: ukibaki umesimama, kuna mtu wa kuziba mlango. Katika korido yenye upana wa futi 5, hilo ni jambo kubwa. Kwenye uwanja wazi ni dogo, kwa sababu toleo la 5 halina kanuni ya jumla inayomlazimisha adui akushambulie wewe. Toleo la 4, lililotoka 2008, lilikuwa nayo: mlinzi alimwekea adui alama, na adui mwenye alama alipunguziwa 2 kwenye shambulio lolote lisilomhusisha yule aliyemwekea. Waliotoka toleo hilo huwa wanaitafuta alama ile na hawaioni.

Kukinga Mwenzako na Kudaka Pigo vinalinda jirani yako wa karibu kabisa. Futi 5 ni mraba mmoja kwenye ramani. Mjanja, vitabuni Rogue, anayepigana begani kwako yumo. Mchawi aliyejificha nyuma ya nguzo hayumo. Ukimwambia asogee karibu ili umlinde, mmejipanga vizuri kwa ajili ya tufe la moto, lenye madhara ya dadu 8 za pande 6, wastani 28, na hakuna hata kimoja kati ya vinne hivi kinachopunguza madhara hayo.

Lindo linawalinda walio mbali, kwa kumzuia adui asifike. Goblini wale wanne ndio kisa chake halisi. Goblini ana desturi ya kujitoa kwenye pambano kwa kitendo cha ziada, kisha akakimbia bila kupigwa na mtu. Mbele ya mwenye Lindo, ujanja huo haumfai kitu.

Jibu lako linakwenda wapi

Katika toleo la 5 kila mhusika ana jibu moja kwa raundi: kitendo kimoja anachoruhusiwa kufanya nje ya zamu yake. Likishatumika, halirudi mpaka zamu yake ianze tena. Hata lile pigo la kawaida la kumwadhibu adui anayekukimbia linatumia jibu hilohilo.

Kujikinga hakuligusi. Umelala, umeamka, umesahau karatasi yako ina nini, ile 1 ipo palepale.

Vingine vitatu vyote vinalitaka. Hapa ndipo nimeona walinzi wengi wakiharibika: mchezaji anachukua Kudaka Pigo ngazi ya 1, anaongeza Lindo ngazi ya 4, anaona amejenga ukuta. Ikifika vitani, zimwi wa kwanza anampiga mjanja, mlinzi anadaka pigo. Zimwi wa pili anampita mbio kwenda kwa kasisi, na mlinzi anamtazama tu, maana jibu limekwisha. Uwezo wote ni mzuri, ila katika raundi moja utautumia mmoja. Si kosa kuwa navyo viwili, kwa sababu raundi moja itadai hiki na nyingine kile. Lakini ukivihesabu kana kwamba vinajumlishika, utakatishwa tamaa.

Ndiyo maana Kujikinga na Lindo vinaoana vizuri kuliko vinavyosifiwa: kimoja hakiligusi jibu, kingine kinalitumia lote.

Kuna jambo la wakati pia, nalo linatenganisha Kukinga Mwenzako na Kudaka Pigo kuliko namba zozote. Kukinga Mwenzako kunaingia adui anaposhambulia, kabla hujajua kama pigo limepata. Mezani, msimamizi wa mchezo huenda hivi: “Zimwi anamgeukia mchawi, anainua rungu,” na dadu imeshatoka mkononi, “kumi na saba, limempata.” Umechelewa. Ukisema sasa, unaomba jambo lirudishwe nyuma, na wote mezani wanalihisi. Nilipocheza na mtindo huo, nilimwomba msimamizi ataje anayeshambuliwa kisha apumue kidogo kabla ya kurusha, na niliweka kifuniko cha chupa mbele yangu: kikitazama juu jibu lipo, nikikigeuza limetumika. Baada ya vikao viwili naye alikuwa akikitupia jicho kabla ya kurusha. Kama msimamizi wako ni wa haraka na hapendi kusimama, mtindo huu utakutesa.

Kudaka Pigo hakuna shida hiyo. Pigo limeshapata, namba imeshasomwa, unasema “nadaka” na unarusha yako. Hupotezi jibu kwa pigo ambalo lingekosa lenyewe.

Hesabu

Tumchukue zimwi wa kawaida: anaongeza 6 kwenye shambulio, na rungu lake hutoa madhara ya wastani 13. Nitaacha pembeni mapigo ya 20 kamili, yanayopata daima na kuzidisha dadu za madhara, ili hesabu isomeke.

Wewe una deraya ya minyororo na ngao, kinga 18. Zimwi anahitaji 12 kwenye dadu, yaani anakupata mara 45 katika 100. Ukiwa na Kujikinga, kinga ni 19, na anakupata mara 40. Umeokoa madhara 0.65 kwa kila shambulio. Linaonekana dogo, na kwa shambulio moja ni dogo kweli. Ila linafanya kazi kwa kila shambulio linalokuja kwako, hata kama ni manane katika raundi. Na kadiri kinga inavyopanda, ile 1 inazidi kuwa na uzito: kutoka 20 kwenda 21, zimwi huyo anashuka kutoka 35 hadi 30, maana yake katika mapigo 7 yaliyokuwa yakupate, moja linakosa.

Sasa mchawi mwenye kinga 13 yuko kando yako. Zimwi anampata mara 70 katika 100. Ukimkinga kwa ngao, adui anarusha dadu mbili na kuchukua ndogo, nafasi inashuka hadi 49. Umeokoa madhara takribani 2.7. Ukidaka pigo badala yake, katika ngazi za 1 hadi 4 unakata wastani wa 7.5 kila linapopata, na 7.5 mara asilimia 70 ni kama 5.2. Karibu mara mbili.

Wengi hukomea hapo na kutangaza Kudaka Pigo ndicho bora. Subiri kidogo. Mweke paladini mwenye kinga 18 mahali pa mchawi: kumkinga kunaokoa 3.2, kumdakia pigo kunaokoa 3.4. Zimekaribia kulingana. Mlete jitu la moto wa sheria za 2014, anayeongeza 11 na kutoa madhara 28, dhidi ya mwenzako mwenye kinga 20, nanyi mko ngazi ya 9. Ngao inaokoa 6.7, kudaka kunaokoa 5.7. Kanuni ninayoitumia ni hii: mwenzako akiwa laini na pigo likiwa la kawaida, daka. Mwenzako akiwa mgumu na pigo likiwa zito, weka ngao.

Halafu marekebisho ya 2024 yalibadilisha Kukinga Mwenzako kwa kiasi kwamba ushauri wa zamani hautoshi tena. Ukishamkinga mwenzako, mashambulio mengine yote dhidi yake yanarushwa kwa dadu mbili mpaka zamu yako ianze, mradi ubaki ndani ya futi 5. Mazimwi watatu wakimvamia mchawi yule, sasa umeokoa takribani 8, ilhali kudaka kunagusa pigo moja tu, kama 7. Kabla ya kufuata ushauri wa mtu yeyote kuhusu mtindo huu, pamoja na wangu, hakikisha mnacheza kwa sheria za mwaka gani.

Lindo ni gumu kulipima, kwa sababu linategemea pigo lako kumpata adui. Mpiganaji wa ngazi ya 4 anayeongeza 5 anampata zimwi mwenye kinga 11 mara 75 katika 100. Akimpata, rungu halimfikii mchawi kabisa, na zimwi ameumia juu yake. Mbele ya hobgoblini mwenye kinga 18, nafasi hiyo inaanguka hadi 40. Na kusimamishwa si kunyang'anywa zamu: zimwi aliyesimama bado anaweza kukupiga wewe, au kurusha mkuki wake.

Adui anayekikosesha maana

Chukua maghuli, wale wala maiti. Kucha zao zikimpata mtu, anapima uvumilivu wake dhidi ya 10 au anapooza, na aliyepooza akipigwa kwa karibu, kila pigo linalompata linahesabiwa kuwa la hatari, sawa na la 20 kamili. Madhara ya ghuli ni madogo, unaweza kuyadaka yote yakabaki sifuri, lakini kucha zimeshampata, na mwenzako bado anapaswa kujipima. Hapa nataka ngao, inayozuia kugusa kwenyewe. Vivyo hivyo kwa wanaonata, wanaokamata na wanaotia sumu. Ngao pia inapunguza yale mapigo ya 20 kamili, kutoka 1 katika 20 hadi 1 katika 400.

Kinyume chake ni kundi la goblini wenye madhara ya 5 au 6. Kudaka Pigo mara nyingi kunafuta pigo zima, na hakuna kitu cha ziada kinachobaki.

Adui anayeruka au anayepiga mishale kutoka mbali anaifanya Lindo iwe pambo. Joka halipiti karibu nawe, linapita juu yako. Yule anayejihamisha kwa uchawi naye hapiti mlangoni kwako. Kujikinga kunafanya kazi dhidi ya mishale, na dhidi ya karibu kila kitu kinachorushiwa dadu ya shambulio, ila hakufai kitu dhidi ya pumzi ya moto na laana zinazopima nia. Katika hilo vyote vinne vimefungana kwa udhaifu.

Mkononi na kwenye ngazi

Kukinga Mwenzako kunadai ngao, bila mjadala. Kudaka Pigo kunakubali ngao, au silaha ya kawaida au ya vita, hivyo mwenye upanga wa mikono miwili anaweza kuwa mlinzi pia. Kujikinga kunadai deraya tu. Lindo halichagui, ingawa linang'aa kwenye silaha ndefu inayofika futi 10.

Mpiganaji anapata mtindo ngazi ya 1, paladini ngazi ya 2. Lindo kwa kawaida linasubiri ngazi ya 4, na linachukua nafasi ambayo ungeongezea nguvu au wepesi. Sheria za 2024 zimelainisha hilo, kwa kuwa kipaji chenyewe kinakuja na nyongeza ya 1. Sheria hizo pia zinamruhusu mpiganaji kubadilisha mtindo wake kila anapopanda ngazi ya upiganaji, kwa hiyo chaguo la kwanza halikufungi.

Wanaocheza Pathfinder toleo la 2, mchezo mwingine wa aina hii, watakuta swali lilelile kwa sura nyingine. Kule ngao haiinui namba yako ya kinga mpaka utumie kitendo kimoja kati ya vitatu kuiinua, kisha jibu lako linaweza kupunguza madhara ya pigo kwa kiasi cha ugumu wa ngao, ambao kwa ngao ya chuma ni 5, na madhara yanayobaki yanaiumiza ngao yenyewe pia. Anayeitwa bingwa anapunguza madhara ya mwenzake kwa 2 jumlisha ngazi yake, hata akiwa futi 15 mbali. Umbali huo ni raha ambayo mlinzi wa Dungeons & Dragons anaitamani.

Kwa hali yako

Kama ni mara yako ya kwanza kucheza, au meza yenu ina watu wengi na zamu zinakwenda haraka, anza na Kujikinga. Akili yako ibaki kwenye kujifunza uwanja: wapi pa kusimama, mlango upi wa kuziba.

Kama kundi lenu lina mpiganaji mwingine wa karibu anayekaa kando yako na ana deraya nyepesi, chukua Kudaka Pigo. Mjanja, mtawa na msomi wa vita watakushukuru kwa maneno.

Kama mnacheza sheria za 2024, una ngao, na kuna mwenzako mmoja ambaye maadui wote humwandama, Kukinga Mwenzako kumepata uhai mpya. Kwa sheria za 2014 ningeuchukua mtindo huu pale tu msimamizi anapokubali kutaja anayeshambuliwa kabla ya kurusha, au kampeni ikiwa imejaa maghuli na ndugu zao.

Kama wenzako wote wawili au watatu wanapiga kutoka mbali, futi 5 hazitawafikia kamwe. Chukua Kujikinga sasa, Lindo ngazi ya 4, na simama katikati ya adui na wao.

Kama kampeni yenu ni ya majoka na wachawi, usitumie nafasi yako ya kipaji kwenye Lindo. Ongea na mchezaji wa paladini: kuanzia ngazi ya 6 uwepo wake unawaongezea walio ndani ya futi 10 kwenye vipimo vya kujiokoa, yaani dadu mnazorusha kukwepa pumzi ya moto au laana, na hapo ndipo kundi lenu linapovuja.

Na kama tayari una Kudaka Pigo pamoja na Lindo, usivitupe. Kabla ya kila pambano mwambie mjanja wako na kasisi wako ni nani utamtunzia jibu raundi ya kwanza. Yule mwingine ajue mapema kwamba raundi hiyo hatakuwa na mlinzi, ili achague pa kusimama.